Mwenzi Wako Akiugua: Haki, Dua na Subira

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Mwenye kujaribu na Mwenye kuponya, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake.

 

Wengi wetu wa pwani tuna jamaa na wakwe huko bara, chini ya Mlima Kenya. Serikali ya kikoloni ilipoweka boma Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908, Waislamu walikuwa miongoni mwa waliokwenda kutafuta riziki huko, na hadi leo mitaa ya Majengo ya miji hiyo miwili ina wajukuu na vitukuu vyao. Kutoka huko hutufikia maswali yanayofanana. Mume ameonekana ana saratani ya umio, hawezi kumeza ila uji mwepesi. Mke amepooza upande mmoja, haendi msalani bila kushikwa. Na anayeuliza si mgonjwa, bali ni yule aliye mzima: Nina wajibu gani? Nimuombee vipi? Nitasali namna gani, nami kutwa nafua na kuosha? Na je, nikichoka nimepata dhambi?

Leo, inshallah, tuyajibu maswali haya kwa kadiri ya nafasi.

Kuuguza ni ibada

Tuanze na kisa ambacho kila mume apaswa kukijua. Katika Ramadhani ya mwaka wa pili wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alipotoka kwenda Badri, Bibi Ruqayya binti yake alikuwa mgonjwa sana. Mumewe, Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.), alikuwa mtu wa kutarajiwa mstari wa mbele. Mtume alimwamuru abaki Madina amuuguze mkewe, na akamwambia kuwa atapata ujira na fungu sawa na aliyehudhuria vita. Imamu Bukhari ameipokea habari hii. Bibi Ruqayya hakupona. Bishara ya ushindi ilifika Madina watu wakiwa wamekwisha kumzika.

Natuizingatie hukumu iliyomo. Badri ilikuwa siku ambayo Uislamu wote ulikuwa mashakani, na Waislamu hawakuzidi sana mia tatu. Hata hivyo mtu mmoja alirudishwa nyumbani kwa ajili ya mke aliyelala kitandani, wala hakuhesabiwa kuwa amekosa. Basi mume wa leo asiseme kwamba kumwosha mkewe, kumgeuza ubavu na kumlisha kwa kijiko ni kazi ya wanawake, na kwamba yeye kazi yake ni kutoa nauli. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika akitoka kwenda kusali.

Nani agharamie tiba?

Hapa pana jambo linalovunja nyumba nyingi, nasi hatuna budi kulisema waziwazi. Mke akiugua maradhi marefu, wako waume wanaomrudisha kwa wazazi wake. Huambiwa, "Nenda kwenu ukapumzike mpaka upate nafuu," kisha simu haipokewi. Wengine huongeza kwamba fiqhi yenyewe imesema dawa si katika nafaka ya mke.

Kweli, katika vitabu vya kale vya madhehebu yetu ya Shafi imeandikwa kuwa ujira wa tabibu na thamani ya dawa haviingii katika nafaka iliyo lazima kwa mume. Lakini aliyesoma kitabu na asome pia zama zilizokizaa. Zama hizo mtu aliweza kuishi umri wake wote asihitaji tabibu, na dawa ilikuwa jambo la nadra. Mwanachuoni wa Sham, Sheikh Wahba al-Zuhayli, ambaye kitabu chake cha fiqhi kimeenea hata katika vyuo vyetu, ameeleza kuwa leo hitaji la tiba ni kama hitaji la chakula au zaidi, kwa hiyo mume analazimika kumtibu mkewe. Hilo ndilo linaloafikiana na amri ya Qur'ani ya kuishi nao kwa wema. Itakuwaje wema kumlisha mke alipokuwa na afya, kisha kumnyima dawa alipodhoofu? Na Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake. Aliye na kidogo atoe kidogo, ila asikimbie.

Nanyi kina mama mnaouza vitambaa, mnaopika mahamri, mnaolipwa mishahara, mali yenu ni yenu, wala sharia haikuwatwika gharama za mume. Ila mkitoa kwa hiari kumtibu mume aliyeishiwa, basi kumbukeni kisa cha Bibi Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud (R.A.), aliyekwenda kuuliza iwapo yafaa kumpa sadaka mumewe maskini. Jibu la Mtume lilikuwa kwamba anapata ujira mara mbili: ujira wa udugu na ujira wa sadaka. Katika madhehebu yetu, hata zaka ya mali yake mke aweza kumpa mumewe akiwa ni katika wanaostahiki.

Kwa upande wa serikali, tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imeondoka na mahali pake pamechukuliwa na SHA. Wako waliodhani kadi ya zamani ingali inatosha, wakagundua sivyo wakiwa tayari mlangoni mwa wodi. Hakikisheni leo, mkiwa wazima, kuwa mmesajiliwa pamoja na watu wa nyumbani na kuwa michango imelipwa. Kufunga ngamia ni katika kumtegemea Mungu.

Dua haikuja kufuta dawa

Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi nchini Kenya, na Meru ni katika sehemu ambazo maradhi hayo hutajwa sana. Humwanza mtu kwa chakula kigumu kukwama, kisha ugali, kisha uji, mwisho hata mate. Kwa kuwa huja polepole, watu huchelewa. Na wengine huchelewa kwa sababu mbaya zaidi: wameambiwa ni jicho, ni hasada ya mke mwenza, ni jini. Miezi inapita kwa fundi, na uvimbe unakua.

Mtume (S.A.W.) aliulizwa na mabedui kama wajitibu, naye akawaamuru wajitibu, na akabainisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa, isipokuwa uzee. Basi kisomo ni haki, na kombe la aya lina watu wake, lakini asije mtu akamwambia mgonjwa aache hospitali ndipo kisomo kifanye kazi. Mwenye kusema hivyo ameongopa juu ya dini. Na mgonjwa wa umio asilazimishwe kumeza kombe wala asali, kwani kinachokwama huweza kuingia mapafuni. Msomee, mpulizie, mpanguse. Inatosha.

Wako pia wanaoona uzito kwa kuwa hospitali nyingi za huko, kama Maua, Nkubu, Chaaria na Kyeni, ziliasisiwa na makanisa. Mtume alipohama Makka, roho yake na ya swahibu yake Abubakar zikiwa hatarini, aliyewaongoza njia alikuwa Abdullah bin Urayqit, ambaye hakuwa Mwislamu. Walimwamini kwa ujuzi na uaminifu wake. Daktari mjuzi na mwaminifu tumfuate, tumshukuru. Wakija wahudumu kutaka kumuombea mgonjwa, semeni kwa upole kuwa nyinyi ni Waislamu na kwamba mtaleta imamu wa msikiti wenu. Wengi wao huheshimu hilo.

Namna ya kumuombea

Mafundisho ya Mtume katika jambo hili ni mepesi, wala hayahitaji fundi wa kulipwa. Bibi Aisha amepokea kuwa alikuwa akimpangusa mgonjwa wa nyumbani mwake kwa mkono wa kulia, huku akimuomba Mola wa watu aondoe tabu na aponye uponyaji usiobakisha maradhi. Na Mtume mwenyewe alipozidiwa katika maradhi yake ya mwisho, Bibi Aisha alikuwa akisoma sura za kujikinga, kisha akaushika mkono wa Mtume mwenyewe na kumpangusa nao kwa kutaraji baraka. Tazameni mke na mume walivyokuwa. Hakuitwa mtu kutoka mbali. Mkono ulikuwa wa mumewe na kisomo kilikuwa cha mkewe.

Mgonjwa naye afundishwe kujiombea. Sahaba Uthman bin Abil-As alilalamika maumivu mwilini, akaelekezwa aweke mkono wake mahali panapouma, ataje jina la Mwenyezi Mungu mara tatu, kisha ajikinge mara saba kwa utukufu na uwezo Wake na shari anayoipata na kuihofia. Haya yamo katika Sahihi Muslim. Asiyejua Kiarabu aombe kwa Kiswahili, kwa Kimeru au kwa Kiembu. Mola anazisikia lugha zote.

Na mgonjwa akisema kwa uchungu, "Heri nife," msimkemee. Mwelekezeni katika dua tuliyofundishwa: amuombe Mungu amweke hai iwapo uhai una heri naye, na amfishe iwapo kufa ndiko kwenye heri. Ndani ya dua hiyo pana nafasi ya kukiri kuwa mambo ni mazito.

Swala ya mgonjwa na ya anayemuuguza

Swala haimwondokei mgonjwa maadamu akili ipo, lakini imefanywa nyepesi sana. Imran bin Husayn (R.A.) aliyekuwa na bawasiri aliambiwa asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa kulala ubavu. Kwa kuwa Qibla chetu hapa Kenya ni kaskazini, anayelala ubavu wa kulia kichwa chake kiwe mashariki, na uso utaelekea Qibla. Asiyeweza ila chali, miguu ielekee Qibla na kichwa kiinuliwe kwa mto, aashirie kwa kichwa. Akishindwa, kwa macho.

Baridi ya Meru na Embu mwezi wa Julai haina mzaha. Mpashieni mgonjwa maji. Ikiwa daktari amekataza maji, au maji yatamzidishia maradhi, atayamamu kwa udongo safi wenye vumbi. Aliyewekewa mpira wa mkojo au asiyeweza kujizuia, hukumu yake ni ya mwenye hadathi ya daima: asafishwe, afungwe vizuri, atawadhe wakati wa swala ukishaingia, kisha asali bila kukawia, na kila swala ya faradhi na udhu wake. Kinachotoka baada ya hapo kinasamehewa.

Kuna tatizo wanalolijua vyema wafuasi wa Imamu Shafi: ngozi ya mke na mume zikigusana, udhu wa wote wawili hutenguka. Mke amtawadhishe mumewe aliyepooza, naye mume asali kwa udhu gani? Dawa yake ni rahisi. Vaeni mipira ya mikono ile wanayovaa wauguzi, au zungusheni kitambaa, kwani penye kizuizi udhu hautenguki. Kubadilisha nepi nako hakutengui udhu kwa kugusa najisi. Kiosheni kilichoingia najisi, na mwekeni nguo moja safi kando kwa ajili ya swala tu.

Na kuunganisha swala mbili kwa ajili ya ugonjwa? Kauli mashuhuri ya madhehebu yetu ni kutojuzu, lakini Imamu Nawawi, naye ni nguzo ya madhehebu hayo, aliiona kauli ya kuruhusu kuwa ina nguvu. Mgonjwa aliye katika dhiki ya kweli, au anayetiwa dawa ya mshipa saa nyingi katika wodi ya Nairobi, ana nafasi katika kauli hiyo.

Ama saumu, mwenye kutarajia kupona atalipa akipona. Asiyetarajiwa kupona hana kulipa. Atatolewa kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mji kwa kila siku. Msimwache akajilazimisha ili aonekane ana imani.

Maumivu si sharti la thawabu

Ni kweli kuwa maradhi hufuta dhambi za Muumini hata kwa mwiba unaomchoma. Lakini wako wanaofahamu kwamba mgonjwa aachwe aumwe ili afutiwe zaidi. Ufahamu huu haufai. Thawabu iko katika subira juu ya lile lisiloweza kuondolewa, nalo linaloweza kuondolewa tumeamrishwa kuliondoa.

Kwa maumivu makali ya saratani, madaktari hutoa dawa ya mofini ya kunywa. Familia kadhaa huikataa kwa kudhani ni ulevi, au kwa kuogopa kwamba ikianza mtu amekwisha. Wanachuoni wameruhusu dawa ya namna hii kwa haja ya tiba na kwa kipimo cha daktari. Aliyeharimishiwa ni anayeitaka kwa kustarehe. Mgonjwa aliyepunguziwa maumivu huweza kulala, huweza kusali, huweza kuzungumza na wanawe. Huduma hii huitwa tiba shufaa, na kule iko: Meru kuna hospisi, Embu kuna hospisi, na hospitali ya Maua imejulikana kwa kuwafuata wagonjwa majumbani. Ulizeni mapema, msingoje siku za mwisho.

Anayeuguza naye ni mtu

Sasa kwa yule aliyeuliza kama kuchoka ni dhambi. La, dada yangu. Kuchoka si kukosa imani. Kulia si kukosa subira. Mtume alilia mwanawe Ibrahim alipokuwa akikata roho. Kisichofaa ni kumtolea mgonjwa ukali uliosababishwa na usingizi usiolala. Kwa hivyo lala. Mpangie shemeji zamu, mpangie mwana wa kiume zamu. Kumgeuza baba kitandani hakumpunguzii kijana uanaume wake.

Sisi majirani tuna fungu letu. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya mwenziwe, na malaika humuombea mwenye kuzuru. Lakini ziara iwe fupi. Msikae saa tatu mkamlazimisha mwenye nyumba kupika chai, wala msisimulie habari za fulani aliyeugua vivyo hivyo akafa. Nendeni na uji uliokwisha pikwa. Bibi Aisha alikuwa akiagiza talbina, uji wa shayiri, kwa mgonjwa na kwa mfiwa. Nasi wimbi na mtama tunao. Mmoja achukue nguo chafu akazifue. Mwingine akae na mgonjwa ili mwenye nyumba aende hata kuoga. Na vyama vya kina mama vinavyochangia arusi kwa moyo mmoja, vichangie pia nauli ya Nairobi, kwani wagonjwa wengi wa Meru na Embu huelekezwa huko, na si mara moja. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Zikikaribia siku za mwisho

Kuomba uponyaji hakuzuii kujitayarisha. Zungumzeni, mke na mume, wakati ulimi ungali na nguvu. Madeni yaandikwe, amana zitajwe, wasia ushuhudiwe. Mahari iliyobaki ni deni, na mume ailipe au aombe msamaha waziwazi, wala asimhesabu mke aliyenyamaza kuwa amesamehe. Kisha kila mmoja amuombe mwenzake radhi kwa yale ya miaka iliyopita. Maneno hayo ni mazito kuyatamka, lakini ni mazito zaidi kuyabeba baada ya mtu kwenda.

Na ikiwa ajali imefika, mjue kuwa sharia imewaruhusu mke na mume kuoshana. Sayyidna Abubakar (R.A.) alioshwa na mkewe, Bibi Asma binti Umays. Mkono uliomwosha katika maradhi waweza kumwosha mara ya mwisho. Mjane asinyimwe haki hiyo kwa kuambiwa kuwa ndoa imekatika.

Nabii Ayyub (A.S.) aliugua muda mrefu, na wapokezi wa habari husimulia kuwa watu walimkimbia, akabaki na mkewe. Qur'ani imetueleza dua yake: alimtajia Mola dhara iliyompata na akaitaja rehema Yake. Hakuweka masharti. Nasi tunawaombea wote walio vitandani usiku huu, Meru, Embu, Mombasa, Lamu na kwingineko, na wale wanaokesha kando yao. Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, wape nguvu wanaowauguza, na uliyemkadiria kurejea Kwako mpe mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.